Aliyekuja Kupima Tu

Kila Ijumaa, saa nne kasorobo,
kengele ya mlango ikilia mara moja, kwa adabu,
nilijua ni Eduviges Berrutti,
na nilijua hatanunua kitu.

Miaka kumi na moja nimesimama nyuma ya kaunta hii,
hapa Tacuarembó, mji wa sufu na ng'ombe,
nikiuza nati, beringi, mikanda,
na vyuma vya mashine za kunyolea kondoo,
kila kimoja ndani ya kifuko chake,
kinang'aa kama jicho la samaki wa leo.

Atavua miwani ya njiani, atavaa ya kazi.
"Nipe ile panda, namba arobaini na mbili."
Nitampa. Ataifungua polepole, asichane kifuko,
ataweka kipimio, atasoma, ataandika kwa penseli
katika daftari la hesabu la marehemu mumewe,
kurasa za nyuma, ambako madeni hayakufika.
Kisha ataifunga ilivyokuwa na kuisukuma kwangu.
"Ahsante, mwanangu. Nzuri. Ghali."
Huyo, kashika njia.

Bwana Sosa, mwenye duka, alikuwa akifura.
"Hapa si maktaba!"
Mimi nilicheka chinichini.
Kipya kinyemi, walisema,
na nyemi ndiyo niliyokuwa nikiuza.

Nilifika kwake mara moja, kumpelekea grisi.
Banda la bati. Jiliwa limevishwa taya za shaba.
Tupa kumi na tisa zimelala ukutani kwa kufuatana,
kifungua mimba hadi kitinda mimba.
Mkononi alikuwa na panda ya mnyoaji mmoja, Etcheverry,
vidole vyake viwili vimelika, vyembamba kama kucha.
Akaidondoshea shaba, tone juu ya tone,
akaipiga tupa, akaipuliza, akaipima,
akaipiga tupa tena.
Saa tatu. Chai yake ya mate ikapoa kibuyuni.
Nikapiga hesabu kichwani: kwa saa hizo
angepata panda mbili mpya na chenji ya mkate.
Nikamwambia. Hakuinua macho.
"Nikinunua, nitakuwa na panda.
Nikitengeneza, nitakuwa na panda
na nitajua kwa nini ililika."
Akapuliza vumbi la chuma.
"Halafu, hizo saa tatu ningezipeleka wapi?"

Mwaka huu, msimu wa kunyoa ulipoanza,
alikuja Jumanne.
Akaomba ile panda. Kipimio hakukitoa.
Alitoa pochi.
Akahesabu noti moja moja, akazilaza juu ya kaunta,
nami nikauliza kama anayeuliza habari za mgonjwa:
"Kulikoni, doña Eduviges?"
Akaweka mkono wa kulia karibu na zile noti.
Ukatetemeka peke yake, kama kuku aliyenyeshewa.
"Unywele mmoja ukizidi, chuma kinaruka, kinachana ngozi.
Kondoo hana kosa."

Hapo nikakumbuka nusu ya pili ya ule msemo:
kingawa kidonda.

Akafungua fundo la leso, akaniachia panda kuukuu,
yenye mabaka ya shaba, imefufuliwa mara tano au sita,
laini mahali alipopita na tupa, kama jiwe la mtoni.
"Kaa nayo. Siku wakiacha kuzitengeneza huko ng'ambo,
utahitaji kitu cha kupimia."

Bwana Sosa aliandika kwenye kitabu cha mauzo: panda moja.
Alikuwa akipiga mluzi.
Mimi chakula cha mchana hakikunipita kooni.

Ijumaa hizi kengele hulia ovyo, mara mbili, mara tatu,
watu wana haraka.
Nimejinunulia tupa, ile ya bei ya chini,
dukani kwetu wenyewe, kwa punguzo la mfanyakazi.
Tayari nimeharibu panda tatu.
Ya nne inacheza kidogo tu,
ukiitikisa karibu na sikio.